Mashine Ikilia kwa Namba: Historia ya Misimbo ya Hitilafu kwenye Ekskaveta za Mtumba Jijini Nairobi



Leo tuziweke kando simu na kompyuta za mezani, tuitazame kompyuta nyingine ambayo wengi wetu tunaipita kila siku bila kuijua. Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi ukielekea magharibi, ukapita Westlands, Kileleshwa, Kilimani na Lavington hadi Kangemi, utakuta mashimo. Mashimo makubwa yanayoshuka ghorofa mbili tatu chini ya ardhi, ambamo kesho patasimama fleti na maegesho ya magari. Ndani ya shimo kuna ekskaveta, ile mashine ya kuchimba ambayo wengine huiita katapila hata kama imeundwa na kampuni nyingine. Na ndani ya ekskaveta, mara nyingi nyuma ya kiti cha dereva, kuna kisanduku chenye kompyuta. Siku kompyuta hiyo ikikasirika, huandika namba kwenye kioo. Mkono wa mashine unalegea, malori yanapanga foleni, na mwenye mashine anaanza kupiga simu.

Namba hiyo kitaalamu ni msimbo wa hitilafu. Mafundi wa jijini husema "kodi", na neno limekaa mahali pake: mashine imeleta kodi kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi, na usipolipa hulali. Swali letu leo ni hili: namba hizi zilitoka wapi, zilifikaje Nairobi, na kwa nini fundi anaweza kuisoma namba sawasawa, akanunua spea sawasawa, na bado mashine isipone?

Jibu nalitoa mapema ili tusizungushane. Msimbo ni ripoti ya kile ambacho kompyuta imeshindwa kukiamini. Kilichoharibika ni habari nyingine, na hiyo lazima itafutwe na mtu.

Enzi ya sikio

Nairobi yenyewe ni mtoto wa kazi ya udongo. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1899, na mji ukaota kando ya karakana zake. Mwaka 1904 wapima ardhi wawili, Gailey na Roberts, walianzisha kampuni yao hapa Nairobi, na baadaye jina la Gailey & Roberts likawa ndilo jina la mashine za Caterpillar nchini kwa miongo mingi. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi huko Kabete, magharibi mwa mji, ambacho leo ni Kabete National Polytechnic. Mafundi wengi wa chuma, mbao na mitambo wa nchi hii wamepitia pale, au wamefundishwa na mtu aliyepitia pale.

Ekskaveta ya haidroli, yaani inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo badala ya kamba za chuma, ni mgeni wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hitachi ilitoa ya kwanza iliyobuniwa Japani kwenyewe, UH03, mwaka 1965. Caterpillar ikafuata na modeli yake ya 225 mwaka 1972. Mashine hizo hazikuwa na siri. Pampu ikichoka, inalia. Injini ikikosa hewa, inatoa moshi mweusi. Fundi alikuwa na vyombo vinne: sikio, pua, kiganja cha mkono na geji ya kupima shinikizo. Aliweka kiganja juu ya bomba akajua mafuta yanapita wapi. Ujuzi ulikaa mwilini mwa mtu, na ulirithishwa kama ususi au uashi: kaa karibu na mzee, shika spana, tazama.

Jambo la kukumbuka kuhusu enzi hiyo ni kwamba ujuzi ule haukuweza kufungiwa na mtengenezaji. Ukinunua mashine, umenunua pia uwezo wa kuielewa.

Kompyuta inaingia kwenye pampu

Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973 na tena 1979, watengenezaji walianza kuuliza swali la hisabati. Ekskaveta ina injini moja inayozungusha pampu. Pampu ikidai nguvu nyingi kuliko ile injini inayoweza kutoa, injini inazimika. Ikidai kidogo, mafuta yanateketea bure. Je, nani atazisawazisha hizi mbili, mara nyingi kila sekunde? Dereva hawezi. Kompyuta ndogo inaweza.

Kwa hiyo kwenye ekskaveta nyingi kompyuta ilianzia kwenye pampu, kabla haijaishika injini. Chukua Komatsu PC200-6 ya miaka ya 1990, mashine ambayo mafundi wa Afrika Mashariki wanaijua kama wanavyoijua Toyota. Injini yake ni ya kimakanika, haina kompyuta ya kupuliza mafuta. Lakini pampu inatawaliwa na kisanduku kinachotuma umeme kwenye vali. Umeme huo ukikatika au ukipotea njia, kioo kinaandika E02. Ikiwa shida ni mzunguko wa umeme wa breki inayozuia mashine kujizungusha, kinaandika E03.

Wahandisi wa Kijapani walikuwa waungwana. Walijua mashine itafika mahali pasipo na fundi wa kompyuta, wakaweka swichi ya dharura ndani ya kibanda cha dereva. Ukiibonyeza, kompyuta inawekwa pembeni na pampu inapewa mkondo mmoja usiobadilika, ili umalize kazi ya siku na kuifikisha mashine kwa fundi. Wazo zuri kabisa! Lakini dawa ya siku moja ni rahisi kuigeuza chakula. Mashine ikiachwa kwenye swichi ya dharura miezi na miezi, injini na pampu haziongei tena, nguvu zinapungua au dizeli inaliwa ovyo, na anayeinunua baadaye anaambiwa kuwa "haina shida yoyote".

Baiti nne

Sasa tuje kwenye sehemu inayotuhusu sisi watu wa programu.

Magari madogo yalilazimishwa kusema makosa yao na jimbo la California. Sheria ya kwanza iligusa magari ya modeli ya 1988, kisha mfumo mmoja wa pamoja ukawa lazima kwa magari yote mapya ya Marekani kuanzia modeli ya 1996. Huku nyuma, kampuni ya Bosch ilikuwa imeonyesha mjini Detroit mwaka 1986 njia ya kuziunganisha kompyuta za gari kwa waya mbili tu. Njia hiyo inaitwa CAN. Katika miaka ya 1990 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilijenga juu ya CAN lugha ya malori na mashine nzito, nayo ikaitwa J1939.

J1939 ni lugha fupi mno. Kompyuta ikiona kasoro inayoendelea, inatangaza kwenye waya mara moja kila sekunde. Kila kasoro inachukua baiti nne, yaani biti 32. Biti 19 ni namba ya kitu kinacholalamikiwa, inaitwa SPN. Biti 5 ni aina ya lalamiko, inaitwa FMI. Biti 7 zinahesabu lalamiko limetokea mara ngapi. Biti moja iliyobaki inasema namba zimepangwa kwa mtindo gani. Basi. Habari yote iliyosimamisha shimo zima la Kilimani inaingia katika nafasi ya herufi nne.

Hebu tusome mfano mmoja. SPN 100 ni shinikizo la oili ya injini. Anayesoma haraka atasema, "Oili imepungua, tufungue injini." Subiri! Tazama FMI kwanza. Ikiwa FMI ni 1, kompyuta inasema: nimepata kipimo ninachokiamini, na shinikizo kweli liko chini kwa hatari. Zima injini mara moja. Ikiwa FMI ni 4, kompyuta inasema kitu tofauti kabisa: umeme unaonifikia kutoka kwa kihisi uko chini kuliko inavyowezekana, kwa hiyo sijui shinikizo ni kiasi gani.

Kihisi, ambacho mafundi huita sensa, kwa kawaida hupewa volti 5 na kurudisha kati ya nusu volti na volti nne na nusu. Hizo nusu mbili za pembeni ziliachwa makusudi. Kipimo kikiangukia humo, kompyuta inajua kwamba hakuna oili duniani inayoweza kutoa jibu hilo, bali ni waya. FMI 3 ni umeme uliozidi, FMI 4 ni umeme uliopungua, FMI 5 ni mkondo uliopungua au njia iliyokatika. Kati ya FMI 1 na FMI 4 kuna tofauti ya injini nzima na kipande cha waya cha urefu wa kiganja. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Ardhi ya Nairobi nayo ina maneno yake

Kitabu cha mtengenezaji kitakuambia kagua waya. Hakikuambii ukague wapi kwanza. Hilo linafundishwa na mahali.

Upande wa magharibi wa Nairobi una udongo mwekundu juu na mwamba mgumu wa volkano chini yake. Ili kushusha shimo la ghorofa tatu, ndoo ya ekskaveta inavuliwa na kuvalishwa nyundo ya haidroli, ambayo vijana wa mjengo huiita breka. Nyundo hiyo inatikisa mashine nzima kutwa nzima. Waya inayosugua ukingo wa chuma inachunika ngozi taratibu. Kisha mvua za masika zinaingia Machi hadi Mei, maji yanajipenyeza kwenye plagi zilizolegea, na pini za shaba zinaota ukijani. Ndiyo maana msimbo unaweza kuja asubuhi kukiwa na unyevu na kupotea saa sita jua likiwaka. Fundi akifika mchana anaambiwa mashine ni nzima. Hapo zile biti 7 za kuhesabu ndizo shahidi wake: kama kasoro imehesabiwa mara nyingi, si bahati mbaya, ni waya unaogusa na kuachia.

Kuna na mwinuko. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Kabete ni juu zaidi. Hewa ya hapa ina shinikizo la karibu kilopaskali 83, si 101 kama ya Mombasa. Fundi mwerevu huutumia ukweli huo kama mizani ya bure. Anawasha swichi bila kuwasha injini, kisha anasoma vihisi vya hewa kwenye kompyuta. Kihisi cha hewa ya nje kinachosema 101 hapa Westlands kinasema uongo, hata kama hakuna msimbo wowote kwenye kioo. Kompyuta haitalalamika, kwa sababu 101 ni jibu linalowezekana. Ni anayejua amesimama wapi tu ndiye atakayeling'amua.

Na kuna sisi wenyewe. Meno ya ndoo yakiisha, anaitwa fundi wa kuchomelea, naye anachomelea pale pale betri ikiwa imeunganishwa. Mkondo wa kuchomelea ukipata njia kupitia kisanduku cha kompyuta, unaweza kukiua. Kuchomoa waya wa betri kunachukua dakika moja tu.

Kwa wanaopenda kipimo rahisi, hiki hapa. Kwenye miisho miwili ya zile waya za CAN kuna vizuizi vya ohmu 120 kila kimoja. Zima umeme wote, weka mita kati ya waya mbili. Mita ya kawaida kutoka duka lolote la Luthuli inatosha. Ukipata ohmu 60, vizuizi vyote viwili vinaonekana. Ukipata 120, kimoja hakionekani. Ukipata 40, kuna mtu ameongeza cha tatu. Ukipata karibu sifuri, waya zimegusana. Mashine iliyoleta misimbo kumi kwa mpigo, kila kompyuta ikidai haisikii mwenzake, mara nyingi ina ugonjwa mmoja tu, na kipimo hiki kinaanzia hapo.

Kutoka karatasi hadi kamera ya simu

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii mashine zilikuwa zinafika, maelezo yake hayafiki. Kitabu cha huduma kilikuwa cha wakala. Fundi wa Kirinyaga Road, mtaa wa spea ambao wazee bado wanauita Grogan, alipata kurasa zilizotolewa fotokopi hadi michoro ya waya ikawa kivuli. Mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Mombasa Julai 2009, na TEAMS mwaka huo huo, faili la kurasa elfu moja ambalo lilikuwa halishukiki kwenye saiba likaanza kushukika. Wakati ule ule kazi iliongezeka: Barabara ya Thika ilijengwa kuanzia 2009 hadi 2012, majengo marefu yakapanda Upper Hill na Westlands, na baadaye ikaja barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, iliyofunguliwa 2022.

Lakini ekskaveta iliyotumika Japani inaweza kuja na kioo kinachozungumza Kijapani. Namba unaisoma, sentensi iliyo chini yake huisomi. Mwaka 2015 Google ilitia ndani ya programu yake ya kutafsiri uwezo wa kuelekeza kamera kwenye maandishi, na Januari 2017 ikaongeza Kijapani. Huenda waliobuni walimfikiria mtalii anayesoma orodha ya chakula Tokyo. Kwa fundi aliye ndani ya shimo la Kileleshwa, kilikuwa kifaa cha kazi.

Mashine hizo huja na mzigo mwingine pia. Komatsu ilianza kuweka kifaa cha setelaiti kiitwacho Komtrax kama sehemu ya kawaida ya mashine zake huko Japani mwaka 2001, baada ya wezi kutumia ekskaveta za wizi kung'oa mashine za benki za kutolea pesa. Tangu hapo mashine inaweza kuripoti saa zake za kazi na misimbo yake kwa mtengenezaji. Kwa maneno mengine, kuna mtu mbali anayeweza kujua historia ya mashine yako kuliko wewe uliyeilipia.

Mashine mpya, mafuta ya zamani

Kila wimbi la sheria za moshi huko Marekani, kuanzia ngazi ya kwanza mwaka 1996 hadi ya nne kati ya 2008 na 2015, liliongeza vihisi na misimbo. Mashine za ngazi ya nne nyingi zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi na zimeundwa kunywa dizeli yenye kiberiti kisichozidi sehemu 15 kwa milioni. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishuka pamoja hadi 50 Januari 2015. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa mapafu yetu, lakini 50 si 15. Mashine iliyozeeka Ulaya au Marekani ikiletwa mtumba inaweza kuanza kulalamika kuhusu kichujio ambacho fundi wa sikio hakuwahi kukiona. Na hapo ndipo anapotokea mtu na kompyuta ya mapajani anayeahidi "kuifuta kodi".

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kufuta msimbo ni kufuta lalamiko tu. Unaponunua mashine ya mtumba na kumbukumbu yake ikawa nyeupe kabisa, haina hata kasoro moja ya zamani baada ya saa elfu kumi za kazi, usifurahi. Uliza nani aliifuta, na lini. Kisha iendeshe hadi oili ya haidroli ipate moto, usomwe tena.

Ufunguo uko kwa nani?

Hili ndilo ninalotaka mwondoke nalo. Fundi wa enzi ya sikio alinyimwa mengi, lakini hakunyimwa mashine yenyewe. Fundi wa leo anaweza kuwa na mashine mbele yake na bado asiruhusiwe kuiuliza swali, kwa sababu programu ya kuzungumza nayo inauzwa kwa leseni ya mwaka, au haiuzwi kwake kabisa. Anaishia kwenye nakala ya wizi iliyojaa virusi, au kwenye kubahatisha spea. Si Nairobi peke yake: wakulima wa Marekani wamepigana vita hiyo hiyo juu ya matrekta, na jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa mashine za kilimo kutoa vifaa na maelezo ya matengenezo, ikaanza kazi Januari 2024.

Sisi waandishi wa programu tuna sehemu yetu. Kiini cha Linux kina uwezo wa kuzungumza CAN tangu toleo la 2.6.25 la mwaka 2008, na J1939 yenyewe iliingizwa kwenye toleo la 5.4 mwaka 2019. Kompyuta ndogo ya bei nafuu na kipande cha kuunganisha CAN vinatosha kusoma zile baiti nne. Namba za siri za kila kampuni hazitafunguka kwa njia hiyo, lakini malalamiko ya injini yanayotumia lugha ya wazi yatasomeka, na hayo si machache.

Kinachokosekana ni daftari. Simaanishi orodha ya maana za misimbo, hizo zipo tele kwa Kiingereza. Namaanisha daftari la Kiswahili la kile kilichopatikana: msimbo huu, mashine hii, saa hizi, mtaa huu, na ugonjwa ulikuwa waya chini ya kiti, au plagi iliyoingia maji, au kweli pampu. Kila siku mafundi wa Kirinyaga Road na Kangemi wanagundua mambo hayo, na kila siku yanapotea wakati wa kunawa mikono. Mwenye mashine aliyekopa benki hawezi kusubiri kila fundi ajifunze upya kwa mfuko wake.

Kuanzia ni rahisi: jedwali moja, safu sita, programu huria, namba ya mashine ikiachwa nje ili tusimwanike mtu. Panapo majaliwa, makala ijayo nitaonyesha jinsi ya kuzitenganisha zile biti 32 kwa mistari michache ya programu. Hadi hapo, ukiona namba kwenye kioo, soma na FMI yake kabla hujashika spana.